Maboksi ya Kalekye Nimeyaficha Kwenye Chakula cha Kuku

Mshauri Ndila,

Kila Jumatano nafungua ukurasa wako kwanza kabla ya habari za kitaifa na nacheka shida za watu, na leo nimefikiwa mimi, kwa hivyo naomba msaada na naomba ubadilishe majina ingawa watu wa Mumbuni watanijua tu.

Nina watoto watatu, mume wangu tumwite Masila, na shida yangu ni mke wa ndugu yake mdogo, tumwite Kalekye, ambaye anaishi nyumbani kwao Kalama uwanja mmoja na mama mkwe. Nitasema ukweli kwa sababu hunioni uso: namuonea wivu. Namuonea wivu tangu siku ya kwanza alipoletwa, maana mimi ndiye mke mkubwa, mimi ndiye nilimwonyesha hata mahali chumvi inakaa katika ile nyumba, lakini akicheka yeye kila mtu anacheka, na nikicheka mimi naulizwa kuna nini.

Mwezi wa tano Kalekye alinijia akasema amechoka kuitwa tanki la maji na mumewe Kisilu, na amesikia kuna sindano za kupunguza unene, zile zilizotengenezewa watu wa kisukari, na kuna mwanamke Athi River anaziuza, anaitwa Nzilani, ana duka la vipodozi na watu humwita Dokta. Akaniomba nimsindikize nikaenda. Mshauri, nilikuwa nimekaa hapo kwa kiti cha plastiki na nikaona kila kitu, hakumpima damu, hakumpima presha, hakumuuliza anaumwa na nini, alimtazama tu kutoka juu hadi chini kama mtu anayenunua ng'ombe, akamwandikia kwa mkono karatasi yenye jina lake Kalekye juu na mpango wa kudunga, kila wiki kuongeza kipimo. Kalekye akauliza kama kuna madhara. Nzilani akasema, "Madhara ni moja tu, nguo zako zote zitakuwa kubwa."

Sasa kwa Kalekye hakuna friji, na hiyo dawa inatakiwa kukaa kwa baridi, na tena hakutaka Kisilu ajue, kwa hivyo dawa ikakaa kwa friji yangu pamoja na ile karatasi. Kwa boksi tuliandika CHANJO YA KUKU, USIGUSE kwa kalamu nyekundu. Kila Jumamosi baada ya mazoezi ya kwaya Kalekye alipitia kwangu, akainua blauzi, nikamdunga kwa mkono wangu huu, na kila Jumamosi lile tumbo nililokuwa nalidunga lilikuwa dogo kuliko la Jumamosi iliyopita, na mimi ndiye wa kuliona. Masila siku moja alifungua friji akauliza, "Mama Ngui, tuko na kuku wanne, hii chanjo yote ni ya nini?" Nikamwambia serikali imesema. Halafu kuku wa mama yake walipoanza kuanguka huko Kalama alitaka kubeba boksi lote awapelekee, ikabidi nimwambie imeharibika.

Kilichonimaliza ni ntheo ya wifi yetu Mwikali, mwezi wa nane, siku wakwe wake walileta mbuzi wa mahari nyumbani. Wanawake wote wa boma tulishonewa sare ya kitambaa kimoja, na fundi alikuwa ametupima mapema. Siku ya kujaribu, nguo ya Kalekye ilibidi ipunguzwe mara mbili, yangu ikakataa kufunga mbavuni, na fundi bila kuniuliza akachukua vile vipande alivyokata kwa Kalekye akanishonea pembeni, kushoto na kulia. Hakuna mgeni angejua. Lakini mama mkwe alisimama mbele ya wakwe na sufuria mkononi akasema, "Mshukuruni Kalekye, bila yeye huyu mkubwa angekuja na shuka," na boma lote likacheka, Masila akiwemo, na jioni tukirudi akaniambia kwa upole kabisa, "Si umuulize Kalekye anakula nini?" Nililia jikoni na maji yakichemka.

Wiki iliyofuata nilimpigia Nzilani simu mwenyewe. Hata Athi River sikuenda, alinitumia dawa na mtu wa pikipiki, akasema nifuate ile karatasi ya Kalekye kwa sababu miili yetu ni sawa. Kalekye hakujua. Nikawa namdunga yeye Jumamosi, akiondoka najidunga. Nguo zimeanza kulegea na Masila ameanza kuniangalia, Mshauri, nisikudanganye, ni utamu ambao sikuwa nimeuonja kwa miaka mingi.

Mwezi wa kumi Kalekye alianguka kanisani. Alikuwa ametapika siku sita na hakusema. Daktari alisema tumbo lake limekwama, chakula kinaingia na hakishuki, na figo zilikuwa zimeanza kukauka kwa kukosa maji. Alilazwa wiki tatu. Sasa yuko nyumbani, anakunywa uji mwepesi kwa kijiko kama mtoto, na nitasema jambo la aibu, hata ugonjwa wake nimeuonea wivu, kwa sababu mama mkwe anamchemshia uji kwa mkono wake, wamama wa kanisa wanamletea maziwa, na Masila wangu ndiye anampeleka kliniki kila Alhamisi, maana Kisilu hana gari, na anamshika kiuno akipanda. Kisilu ambaye alimwita tanki sasa anamfulia nguo.

Kalekye amepata wakili na anamshtaki Nzilani. Wakili amemwambia huko ng'ambo maelfu ya watu wameenda kortini juu ya dawa za aina hii wakisema hawakuonywa kuhusu tumbo, lakini yeye kesi yake ni kwamba aliuziwa na mtu ambaye si daktari, na kipimo kikapandishwa haraka. Nzilani anasema hamjui Kalekye, hajawahi kumuona. Kalekye akanishika mkono akaniambia, "Mama Ngui, wewe ndio uko na maboksi. Na ile karatasi. Na wewe ulikuwa hapo. Mimi sina mtu mwingine."

Nikamwambia nilitupa.

Sikutupa. Yako ndani ya ndoo ya chakula cha kuku, chini kabisa, na karatasi nimeikunja ndani ya boksi. Nzilani alinipigia siku iyo hiyo, sijui alijuaje, akasema, "Hizo vitu bado uko nazo? Choma, mama. Sindano zako mpaka Krismasi ni juu yangu." Nikitoa ushahidi Masila atajua kwamba hata mimi najidunga, atajua mwili anaousifu si wangu ni wa sindano, nitakosa dawa, na Kalekye akishinda atalipwa na atakuwa shujaa wa Kalama yote. Nikinyamaza atashindwa. Wakili anataka majibu Jumatatu. Mimi sina shida na dawa, isipokuwa kiungulia, na kizunguzungu nikiinuka, na juzi nilitapika muthokoi wa Jumapili, mahindi na maharagwe, na ilikuwa Jumanne, lakini nafikiri ni maharagwe hayakuiva. Sasa niko wiki ya kumi na moja na Jumamosi naongeza kipimo.

Nichome au nisichome?

Mwenye Friji, Mumbuni

*

Mwenye Friji,

Umeuliza nichome au nisichome, na jibu ni usichome, lakini hilo si jambo la kwanza nililotaka kukuambia. Nimesoma barua yako, na nilipofika pale mwisho nikaweka kikombe chini. Muthokoi wa Jumapili ulitoka Jumanne, halafu unayalaumu maharagwe? Dada yangu, umepika muthokoi tangu ukiwa msichana. Maharagwe mabichi hayakai tumboni siku mbili yakisubiri ruhusa ya kutoka. Chakula kinaingia na hakishuki: umeyaandika maneno hayo wewe mwenyewe, kwa mkono wako, ukisimulia ugonjwa wa Kalekye, na mistari michache baadaye ukaandika wako na hukuutambua.

Nakuonea huruma kwa ile nguo, na ninasema kutoka moyoni. Kusimama mbele ya wakwe ukiwa umeongezewa vipande vya mwenzako, halafu mama mkwe akakutangaza na sufuria mkononi, na mume wako akacheka, hapo hata mimi ningelia. Mama mkwe alikosea na Masila alikosea zaidi. Lakini niambie, Kalekye alikosea wapi? Si yeye aliyekutangaza. Hakumtuma fundi. Alikuletea siri yake, akakufunulia tumbo kila Jumamosi, akakuamini na sindano, na wewe unamhesabia kijiko cha uji. Unamuonea wivu mwanamke ambaye hawezi kumeza ugali! Ukae na hilo kidogo, na likuume, kwa sababu linapaswa kukuuma.

Huyo Nzilani amekuelewa vizuri kuliko unavyojielewa. Alijua unataka nini, akakupa bure hadi Krismasi. Mtu ambaye hajawahi kumuona Kalekye anajuaje kuna maboksi ya kuchoma? Na aliyekuambia miili yenu ni sawa aliuona wako lini tena tangu siku ile ulipokaa kwa kiti cha plastiki na nguo zako zote? Mambo hayo ndiyo wakili anayatafuta, na uko nayo yote kichwani.

Nikumbushe wasomaji wengine kabla hawajaanza kutupa dawa zao: wenye kisukari mliopewa dawa hizi hospitalini, mkapimwa na mnafuatiliwa, barua hii haiwahusu, msiache chochote bila kuongea na daktari wenu. Anayezungumziwa hapa ni muuza vipodozi mwenye kalamu na karatasi.

Sasa nisikilize. Jumamosi hii hujidungi, hata kidogo, hata ile ya wiki jana. Leo, si kesho, unaenda hospitali na boksi moja mkononi, na unamwambia daktari umejidunga wiki ngapi na kipimo gani, bila kupunguza hata moja kwa aibu. Mwambie habari ya kizunguzungu. Mwambie habari ya muthokoi na siku zake. Ukianza kutapika tena ukiwa njiani au nyumbani, usingoje siku sita kama mwenzako.

Halafu Masila. Unaogopa atajua mwili anaousifu ni wa sindano. Ni heri alijue akiwa ameketi na wewe sebuleni kuliko kulijua kutoka kwa daktari wa zamu. Na ukishamwambia hilo, mwambie pia alichokuambia jioni ya ntheo kilikufanya nini. Amebeba Kalekye kila Alhamisi kwa sababu ndugu yake hana gari. Wewe hujawahi kumwambia kwamba unaumwa, sasa atakubeba vipi?

Kisha uende Kalama. Usipige simu. Kaa pale Kalekye analala, umwambie, "Nilikudanganya, sikutupa." Usiongeze maelezo ya nguo siku hiyo, hiyo ni hadithi yako, itangoja apone. Atakasirika, na ana haki. Kama hatakuongelesha mwezi mzima, vumilia, maana wewe ulikuwa tayari kumnyamazia maisha yote. Na yule Nzilani akipiga simu, usimjibu. Mwambie wakili alipiga siku gani na alisema nini, neno kwa neno.

Usiniambie Kalekye akishinda atakuwa shujaa. Atakuwa mwanamke aliyelipwa kwa tumbo ambalo huenda lisirudi kama zamani. Ukitaka kuwa shujaa pamoja naye, nafasi ipo na iko ndani ya ndoo. Ile karatasi ina jina lake juu, ndiyo, lakini tangu mwezi wa kumi hakuna anayeifuata isipokuwa wewe.

Basi mwaga hicho chakula cha kuku chini, utoe maboksi, uyapanguse. Na Jumatatu ukiingia kwa wakili, usimwambie umekuja kumsaidia mke wa shemeji yako. Mwambie wagonjwa ni wawili.

Mshauri Ndila