Mama wa Nani

Siku ya kwanza ya wiki, tarehe 3 mwezi wa sita

Chisense imelala kwenye muchanga toka asubuhi. Samaki wadogo hivi, na kuku wote wa Nchelenge, ng'ambo hii ya ziwa, wamesikia harufu. Mutoto wangu Neema alikaa na tawi lake, akawafukuza. Hakuna kuku aliyeonja. Ana miaka tisa na anachunga kuliko mulinzi wa duka.

Bana Chanda, jirani yetu Mubemba, akaniita tena "Bana Josué". Mama Josué, kwa lugha yao. Wakongomani wenzangu pia, wote Mama Josué. Kwao na kwetu desturi ni moja: mama anabeba jina la mutoto wa kwanza. Na wa kwanza njo Neema! Josué alimufuata. Lakini Neema alizaliwa na ile hali wanaita Down, ulimi ni muzito, maneno yanachelewa. Basi watu wakamuruka kama shimo katika njia. Inaniuma. Inaniuma sana. Na miye ninaitika tu.

Siku ya tatu, tarehe 5

Mama Muchungaji alipita. Siku ya Mungu ya wiki ijayo wanapokea watoto wapya katika korali, waimbe kanisani. Kila mutoto anasimama, anataja jina lake, anataja la mama yake, na kanisa lote linarudilia jina la mama. Jina likisharudiliwa pale, limeshikamana. Hakuna wa kulibadilisha.

Anataka Josué amusemee dada yake. Eti Neema anachanganya lugha, watu watacheka. Alors! Nani hapa hachanganyi? Yeye mwenyewe anaomba Mungu kwa Kiswahili, ananunua nyanya kwa Kibemba, anamugombeza bwana yake kwa Kifaransa. Neema hata hachanganyi. Bana Chanda anamupa salamu ya asubuhi, "Mwashibukeni", miye ananiuliza "Mama, umeamuka?" Hajamukosea mutu lugha yake hata siku moja. Nani alimufundisha? Hakuna.

Nimekataa. Neema atajisemea.

Sasa ninaogopa. Akinyamaza, Josué atasimama, atataja jina lile wote wanalijua, kanisa litarudilia. Itakuwa imekwisha.

Siku ya sita, ya posho, tarehe 8

Mazoezi. "Jina langu ni Neema. Mama yangu ni Mama Neema." Yeye: "Neema." Mengine hapana. Nikarudilia, nikarudilia, mpaka akanifunga mudomo kwa mukono wake. Mukono wa kunuka samaki! Nilicheka, halafu nikakasirika.

Jioni tukaangalia picha katika simu. Kila picha anatafuta kwanza uso wake. Akiuona anapiga kifua, "Neema!", anaubusu. Halafu njo anatafuta sisi. Miye nikijiona katika picha ninaona mashavu tu. Mutoto huyu anajipenda bila kuomba mutu ruhusa. Ningependa kujua anafanya namna gani.

Siku ya tano ya wiki, tarehe 14

Hasemi. Toka juzi, hata neno. Anachunga chisense kwa ukali uleule, lakini mudomo amefunga. Bana Chanda alinikalisha chini: "Umemuchosha, weye." Kweli. Nilimugeuza kasuku.

Nikamuambia Josué ajitayarishe, labda. Akanijibu, yeye wa miaka saba: "Miye sitaki kumusemea. Ana mudomo."

Nimeacha mazoezi.

Siku ya Mungu, tarehe 16

Niandike tu.

Waliita jina lake. Akasimama mbele na gauni lake la njano. Kimya. Mutu akakohoa. Mwingine akacheka kidogo, nilimusikia, ninamujua. Mama Muchungaji akamufanyia Josué ishara ya mukono. Josué akaangalia viatu vyake, hakutoka kwenye benchi. Mungu amubariki mutoto yule.

Neema akapiga kifua. "Neema. Miye."

Halafu akaacha mahali pake! Akatembea katikati ya kanisa mpaka kwangu, akanivuta mukono, akanisimamisha mbele ya wote. "Mama Neema."

Nyuma mwanamuke mumoja akamusahihisha: "Mama Josué!" Neema akageuka. Akamuangalia vile anaangalia kuku karibu na chisense.

"Hapana. Mama Neema."

Desturi ni desturi. Mutoto ametaja, kanisa lazima lirudilie. Wakarudilia, wengine kwa sauti ndogo. Hakuridhika. Akainua mukono kama mukubwa wa korali: "Tena!"

Wakarudilia tena. Sasa kwa nguvu, mabati yakalia. Josué njo alipiga kelele kuliko wote.

Nililia bila haya. Ile ya kunisimamisha sikumufundisha. Ile ya "tena" sikumufundisha. Nimesoma mpaka sekondari, nimevuka ziwa toka kwetu na watoto wawili, na miaka hii yote sikuweza kumuambia mutu neno lile moja, "hapana".

Siku ya kwanza ya wiki, tarehe 17

Upepo kidogo leo. Chisense itachelewa kukauka.

Nilikuwa ninaosha sufuria, Bana Chanda akaita kutoka kwake: "Bana Neema! Kuku!"

Kabla sijageuka, Neema alishasimama na tawi lake. Waliita miye, njo yeye aliitika.