Neno Alilokutupia Baba

Mtaa wa Juu, Kiryu,
Gunma.
18 Februari 2003.

Mpendwa mdogo wangu Chizuru,

U hali gani huko Leipzig, na huyo wa tumboni anachezaje? Mama ananihimiza nikuulize kama unakula vizuri na kama miguu imeacha kuvimba. Sisi huku miili ni mizima. Mioyo ndiyo haijatulia. Mpaka leo Mama anapakua wali wa watu watatu.

Usijilaumu kwa kukosa mazishi ya Baba. Daktari aliyekukataza kupanda ndege na mimba ya miezi minane alifanya la maana. Simu ilikupa habari ya kifo, lakini kuna mambo niliyokuficha, na leo nayatoa.

Kila uliponiuliza kama Baba bado anafuma, nilijibu ndiyo. Nilikudanganya. Karakana ilifungwa miaka mitatu iliyopita; wanunuzi wa mikanda ya kimono walikwisha. Mitambo ikabebwa kama vyuma chakavu. Baba alikaa miezi miwili akitazama ukuta, kisha akapata kibarua cha kuongoza magari kwenye maegesho ya duka kubwa karibu na stesheni, na kofia ya plastiki kichwani, na fimbo nyekundu mkononi.

“Ni arubaito tu,” aliniambia. “Na Chizuru asijue. Akijua, mimi na wewe basi.”

Sababu unaijua. Ulipomwambia kwamba umepata kazi ya kuosha vyombo hotelini Ujerumani, alikupigia kelele mlangoni: “Hiyo si kazi, ni arubaito! Mtu mzima unakimbia mtambo wa babu yako ukafanye arubaito!” Mkanyimana maneno miaka tisa.

Pale maegeshoni alikuwapo mzee mwenzake, Nagasawa, mwalimu mstaafu wa Kijerumani. Siku moja wakila chakula cha mchana, Baba akanung’unika, “Uzee wote huu, bado arubaito!”

Mwalimu akacheka. “Bwana Orihara, hilo neno ni la Wajerumani. Kwao ni kazi, basi. Ya waziri kazi, ya mfagiaji kazi. Wanafunzi wetu wa zamani ndio waliolichukua wakaviita hivyo vibarua vyao vya pembeni, kwa kujidai kusoma. Ndipo likashuka cheo.”

“Kwa hiyo binti yangu akilitamka huko alipo?”

“Anasema anafanya kazi.”

Baba alirudi nyumbani na nusu ya chakula chake. Alimwambia Mama, “Nilimtukana mtoto kwa neno nisilolijua,” akaenda kulala jua halijazama.

Tarehe ishirini Januari alianguka akiwa kazini. Moyo. Hospitalini muuguzi alikuwa akijaza fomu, akauliza kazi ya mgonjwa. Nikawahi kusema, “Mfumaji, amestaafu.” Baba akafumbua macho.

“Arubaito,” akasema. “Andika hivyo hivyo.”

“Kumbe ni kibarua tu, babu?” muuguzi akauliza.

“Ni kazi. Muulize binti yangu, yuko kwa wenye neno lao.”

Baada ya siku tatu alituacha. Majivu yake tutayazika siku ya arobaini na tisa, mwezi ujao. Mwalimu Nagasawa ameomba aje.

Limebaki moja, nalo ndilo linalonikosesha usingizi. Mwezi wa Novemba uliniambia kuna mtu alipiga simu kwenu, mumeo akaitika, mtu akahema tu, akakata. Alikuwa Baba. Mwalimu alikuwa amemwandikia kwenye karatasi, kwa herufi zetu, maneno ya Kijerumani ya kumwomba mumeo akuite. Alishinda jikoni akiikariri. Aliposikia “Hallo,” akaweka simu chini. Mama alimsihi apige tena. Akajibu, “Kesho.” Siku iliyofuata nayo akasema kesho, na nyingine, mpaka tukaacha kumwuliza. Mimi ningeweza kukuambia siku ile ile. Sikukuambia. Nisamehe, mdogo wangu.

Shangazi Kinue na jirani yetu Mama Hoshika wanakusalimu sana. Mfikishie shemeji Jens salamu zangu. Waliotutangulia wakushike mkono, ujifungue salama, na mtoto atoke na sauti kubwa.

Wako akupendaye, dada yako,
Mitsue