Chai Ndani ya Chupa ya Bia

Mpendwa mdogo wangu,

Jumapili iliyopita nilisimama mbele ya waamini wa parokia yetu ya Ruashi, nikasema jambo nililopaswa kulisema ungali hai. Naanza na hilo kwa kuwa nimechoka, na pumzi yangu haitoshi tena kwa maneno ya kuzunguka.

Unakumbuka ukuta wa misheni, ambapo padre alituonyesha filamu za Wamarekani? Sisi wengine tulimshangilia mwenye farasi. Wewe ulimtazama mhudumu wa baa, yule asiye na jina, anayeangushwa na risasi ya kwanza. Ukaninong'oneza mimi, mkubwa wako, kwa jina la yaya ulilozoea kuniitia: «Yaya, ule mukubwa anajua hatakufa. Huyu hajue kitu.»

Ukawa mtu huyo maisha yako yote. Katika michezo ya kuigiza ya televisheni yetu hukupewa kamwe nafasi ya kwanza. Ulikuwa mlevi wa pembeni, miaka na miaka, hata watoto wakikufuata sokoni: «Mulevi! Bibi yako iko anakutafuta!» Nawe ukiyumba kwa makusudi: «Mumuambie niko nakuya, ni barabara ndiyo inakataa!»

Ndani ya chupa ile ya bia uliyoinywa ukiigiza mlikuwa na chai ya rangi. Nilijua; mke wako aliipika mbele ya macho yangu. Hata hivyo, ulipoomba kusoma somo la kwanza kwenye misa, na mzee mmoja wa baraza la parokia akasema kwamba mlevi hawezi kuikaribia mimbari, mimi katekista, ndugu yako wa tumbo moja, niliinamisha kichwa. Niliogopa watu wasije wakalicheka Neno la Mungu. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Ukabaki benchi la nyuma mpaka siku ulipopitishwa katikati, ndani ya jeneza.

Hayo ndiyo niliyoungama mbele ya wote. Hakuna aliyeshtuka. Baada ya misa mjane wako alinishika mkono.

«Ba yaya, nilitaka kuya kwa baraza na ile termosi ya chai. Yeye akanikataza. Akasema: ‹Acha. Bakijua ni chai, batauliza juu ya nini yaya alinyamaza.›»

Kumbe ulikubali kuwa mlevi hata kanisani, kwa ajili yangu, nisije nikaulizwa kwa nini sikukutetea.

Nimewafundisha wengi kusali, na sasa siwezi kumaliza Baba Yetu. Nafika penye kusamehewa, narudi mwanzo. Uniombee huko uliko, nipate kuendelea.

Bwana akupumzishe, mdogo wangu.

Ni mimi, yaya wako