Baba, Wamenipinga kwa Kiingereza

Baba,

Shikamoo. Kaburi lako tumelijengea, na uwele wa mwaka huu umekubali. Ila siyo hayo yaliyonikalisha kuandika. Nimesimama, Baba! Wiki iliyopita, mbele ya wanazuoni wa nchi za watu, nimeeleza utafiti wangu wa udongo wa huku kwetu, na hakuna hata mmoja aliyeniomba nirudie.

Unakumbuka nilivyorudi nyumbani Ihumwa baada ya kile kikao cha kwanza? Miaka minne nachimba udongo, halafu mwenyekiti wa kikao ananikatiza, anampa mtu mwingine anisomee makala yangu mwenyewe, eti Kiingereza changu hawakielewi. Nililia jikoni kwa Mama kama mtoto. Kisha nikaanza kuwaigiza Wazungu, sauti yote puani. Ukauliza, "Mwanangu, una mafua?" Nilikukasirikia wewe, acha tu.

Wewe, mwalimu wa kwaya, Kiingereza hata cha kuombea maji huna! Ukavuta kigoda, ukashika kile kijiti chako cha kuongozea waimbaji, ukasema, "Soma. Maana yake siijui, ila masikio ninayo." Nikikimbia, unagonga meza: "Nani anakufukuza?" Nikimeza mwisho wa neno: "Hapo umekula. Tema." Lafudhi yangu ya Kigogo hukuigusa. Ulisema mtu haimbi kwa koo la jirani. Likizo nzima tulisoma hivyo, hata kikohozi kilipokuanza. Ukaondoka kabla sijasimama tena. Hilo linaniuma, Baba. Linaniuma mno.

Basi sikia. Nilipomaliza, profesa mmoja mzee akainuka, akasema hakubaliani nami hata kidogo kuhusu chumvi ya udongo wetu. Mimi nikatabasamu kama mwehu! Mtu atakupingaje kama hajakuelewa? Nikamjibu taratibu, neno moja moja, bila kumeza kitu, mpaka akakaa huku anacheka. Nilipompigia Mama simu, alipiga vigelegele hadi majirani wakaja kuuliza nani anaolewa.

Siku hizi walimu wenzangu wananifuata ofisini, nao wana aibu ileile niliyokuwa nayo. Nawaambia wasome, mimi nasikiliza.

Yule profesa amenialika kwao tuendelee kubishana. Pumzika, mzee wangu. Nakuahidi nitakwenda, na nitambishia, lafudhi yangu ya Kigogo ikisikika.

Binti yako