Maina Uliyemchukua

Mjukuu wangu Nafula,

Sisi hapa Kawangware ni wazima, hata kifua cha mama yako kimetulia. Uliposema kwa simu umechukua maina, nilidhani ni mwanaume wa jina hilo, na masomo basi. Leo mama yako amenieleza ni neno la Kizungu, ‘minor’, somo dogo la pili huko chuoni, la hizi nchi zetu jirani, lugha na historia na biashara pamoja. Nimepumua.

Umeuliza kama litakusaidia. Mimi nilipofika Soweto, ile ya hapa Nairobi, jirani yangu Mkamba alikuwa ananisalimia kwa Kikamba kila asubuhi, nami namnunia, nikidhani ananitukana. Kumbe aliuliza nimeamkaje. Nilipojua, nikaanza kumjibu. Ndiye aliyekuwa mkunga wangu nilipomzaa mama yako.

Basi lisome. Na huyo Maina msalimie.

Nyanya yako