Una Watoto Wangapi?

Shule ya Kanjuzi,
17 Oktoba 1994

Mwanangu Stefano,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Baridi ya huko Boma inakutendeaje? Sisi wazima, ila koo langu. Mama yako Benadeta anauliza kama bado unakula kwa yule muuza chipsi, au umeanza kujipikia kama mtu mzima. Mama yako mdogo Felisita anasema ukija uje na sabuni, maneno yako ameshayasikia.

Shule imefunguliwa. Serikali mpya ilisema elimu ni bure na sare si lazima, na kwa mara ya kwanza watu wameamini neno la serikali. Wamekuja wote. Wamekuja hata wenye ndevu, wanakaa na wadogo zao Darasa la Kwanza. Chumba kilijaa siku ya kwanza kabla kengele haijalia, kwa hiyo nimewatoa nje, wanakaa chini uwanjani na mimi nawafundisha kwa kupiga kelele. Wa nyuma hawanisikii. Wanaitikia kwa kuwa wa mbele wameitikia. Walimu wapya niliopewa wana mafunzo ya wiki tatu, mmoja wao ananiuliza mimi jinsi ya kushika chaki.

Nakuandikia kwa jambo moja tu. Mlitangaza kwamba kijiji kikisimamisha kuta, Boma la wilaya litatoa mabati. Sisi matofali tunayo, yale yaliyochomwa mwaka jana kwa nyumba ya katekista. Padri amekubali tuyatumie, katekista amenuna lakini atazoea. Tunaanza kujenga Jumatatu. Mvua ikija bila paa, Darasa la Kwanza litakuwa limekwisha kwa mwaka huu. Wewe ndiwe unayekaa kwenye meza ya mipango. Sikuombi upendeleo, nakuomba usitusahau.

Mjomba wako,
Grevazio


Ofisi ya Elimu, Boma,
2 Novemba 1994

Mjomba mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima. Natumaini koo limepata nafuu. Mama akuchemshie majani ya mpera. Mimi mzima wa mwili. Kichwa ndicho kimechoka.

Kila asubuhi nikifungua mlango nawakuta walimu wakuu wamekaa kwenye ngazi kama watu wa hospitali. Kila mmoja ana watoto uwanjani, kila mmoja anataka mabati. Mabati ni machache. Bosi ameagiza tusigawe kwa waliopo tu, tugawe kwa kuangalia na wanaokuja: watoto wadogo walioko majumbani sasa, ambao miaka miwili ijayo watabisha hodi shuleni. Ndiyo maana nilikuja huko wiki iliyopita nikapita nyumba kwa nyumba. Samahani nilikukuta matangani na kukuuliza maswali ya ofisi mbele ya wafiwa, lakini gari lilikuwa linanisubiri.

Hapa wananitazama. Gondwe, mwenzangu wa kaskazini, kila nikishika kalamu anasema, "Haya, Kanjuzi wapewe ghorofa!" Ni utani, lakini bosi husikia. Kwa hiyo nimeandika yale tu niliyoambiwa na wenye nyumba, bila kuongeza wala kupunguza. Endeleeni na kuta. Nina matumaini.

Mpwa wako,
Stefano N.


Shule ya Kanjuzi,
28 Novemba 1994

Mwanangu Stefano,

Hujambo? Sisi hatujambo, tunashukuru. Felisita bado anasubiri sabuni.

Kuta zimesimama. Wanawake wamebeba maji ya kukanyagia udongo kutoka mtoni, wazee wamejenga, hata katekista alikuja mwishoni akapanga mstari mmoja wa matofali, umepinda, tumeuacha. Ungeona madirisha! Watoto wanaingia na kutoka humo kabla hata hapajawa darasa.

Jana tumepokea barua ya ofisi yenu. Kanjuzi haipati mabati. Kanjuzi imewekwa kwenye "mradi mkubwa", tusubiri. Mbona Mphunzi wamepata? Mphunzi hawajaweka hata msingi! Nilipowasomea watu ile barua, mzee Nafere alicheka, akasema, "Si mtoto wetu yuko huko? Basi ameona aibu kutujua."

Nami nakuuliza hivyo hivyo, Stefano. Uliona aibu? Niambie tu. Kuta hizi zimeshikwa na udongo, siyo saruji. Zinahitaji paa, na mawingu yameshaanza kukusanyika upande wa Msumbiji. Umenivunja moyo, sikufichi.

Mjomba wako,
Grevazio


Ofisi ya Elimu, Boma,
9 Desemba 1994

Mjomba,

Salamu. Natumaini wote ni wazima.

Sikuona aibu. Kanjuzi iliongoza wilaya nzima! Hesabu ya wanaokuja ilikuwa kubwa kiasi kwamba bosi aliikunja karatasi akasema, "Mabati arobaini kwa watoto hawa? Ni kumpa tembo kijiko cha uji. Hawa wanahitaji shule mpya kamili." Ndivyo mlivyohamishiwa mradi mkubwa, ule wa wafadhili. Mphunzi ni kijiji kidogo, msaada mdogo ukawatosha. Mimi nilidhani nimewapelekea neema.

Mradi huo utaanza lini, sijui. Lilongwe wanasema mwakani, wafadhili wanasema baada ya mkutano. Ningeweza kubadilisha ningebadilisha, lakini imeshapigwa muhuri. Funikeni kuta kwa nyasi. Usinifikirie vibaya, Mjomba. Na mimi nimechoka.

Mpwa wako,
S. Nkhoma


Shule ya Kanjuzi,
6 Machi 1995

Mwanangu Stefano,

Natumaini u mzima. Umenyamaza tangu Krismasi, nami nimenyamaza, mama yako anatuita wote wawili vichwa vya nyumbu.

Kuta zilianguka Januari. Tulizifunika kwa nyasi, upepo ukazifunua, mvua ikanyesha mfululizo, na Jumapili moja tukiwa misani tukasikia kishindo. Tunashukuru ilikuwa Jumapili. Amekufa mbuzi wa Nafere tu, na Nafere amemlilia kuliko alivyomlilia mkwewe. Matofali mengi yalivunjika. Yaliyobaki katekista amekuja kuyachukua kwa toroli, na mimi sikumzuia.

Ule msongamano nao umekwisha. Mvua imetufanyia mipango. Darasa la Kwanza limebaki nusu; wengine walipata homa ya kulowana, wengine wazazi wao wamesema mtoto akalowe shambani, huko angalau anapalilia. Wakubwa wenye ndevu waliondoka wa kwanza. Nikiwatajia kukanyaga udongo tena, watu wanatazama pembeni.

Lakini sikuandika kukulaumu. Juzi tulikuwa tunamenya mahindi kwa mama yako, maongezi yakaja juu yako. Felisita akasema, "Alikuja hapa na kalamu, ananiuliza nina watoto wangapi wadogo. Nikamwambia sita, kama hajui!" Mama yako akasema, "Na mimi sita." Mimi nikacheka, nikasema, hata mimi nilisema sita, pale matangani, na unajua mimi na marehemu mke wangu hatukujaaliwa.

Halafu nikaacha kucheka. Stefano, ni sita wale wale. Ni wawili wa Felisita, wawili wa binti wa mama yako, na Neliya na mdogo wake, yatima wa marehemu dada yetu Anjelina. Wanakula kwangu, wanalala kwa Felisita, wanaogeshwa kwa mama yako. Sasa nyumba ngapi za Kanjuzi ziko hivyo? Zote! Uliuliza una watoto wangapi, na kila mtu akakujibu ukweli wake. Na wewe uliyekulia kwenye mikeka hiyo hiyo hukusikia kitu cha ajabu.

Sijui kama nicheke au nilie. Tungekuwa wachache tungepata paa.

Mjomba wako,
Grevazio


Ofisi ya Elimu, Boma,
30 Machi 1995

Mjomba,

Shikamoo tena. Nimesoma barua yako mara nyingi hadi imeanza kuchanika kwenye mikunjo.

Nilimsomea Gondwe. Alicheka mpaka akashika meza. "Nyie watu! Kwenu mtoto mmoja ana mama wanne na baba ni mjomba! Ungenituma mimi, mtu wa kaskazini, ningeshtuka nyumba ya pili." Kisha aliponiona usoni akaninunulia soda.

Nikaingia kwa bosi nikamwambia. Alinisikiliza bila kuinua macho. Akaniuliza, "Wewe si mtu wa huko?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi ndiyo mbaya zaidi." Nimeondolewa kwenye mipango, na kuanzia Aprili nimehamishiwa Nsanje, kusini kabisa mwa nchi. Gondwe atakuja kuhesabu upya, na hesabu ikiwa ndogo mtarudi kwenye mabati. Hilo bosi amekubali mbele yangu.

Pole kwa kuta. Pole kwa wale walioacha shule. Nilipaswa kuwa wa kwanza kusikia, na ndimi nisiyesikia. Mwambie Mama asilie kuhusu Nsanje, ni joto tu.

Mpwa wako,
Stefano


Shule ya Kanjuzi,
19 Juni 1995

Mpwa wangu Stefano,

Salamu. Joto la Nsanje likoje, na mbu wake? Sisi wazima. Utaona nimekuita mpwa. Tumefundishwa kuandika sawasawa.

Gondwe alikuja, kijana mzuri, alivua kofia kila nyumba. Alimkuta Felisita anapepeta. "Mama, watoto wako wadogo ni wangapi?"

"Sita."

"Uliowazaa wewe mwenyewe?"

"Kwani wengine nimewaokota?"

"Samahani, Mama. Nauliza waliotoka tumboni mwako."

"Kaka," Felisita akaniambia, "mwambie mgeni wako aondoke kabla sijatafuta mchi."

Nikamsihi. Nikamwambia ni kwa ajili ya paa. Akaweka ungo chini, akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Wawili." Neliya alikuwa amesimama hapo hapo ameshika kitenge cha Felisita. Felisita amemlea tangu hajaota meno. Mtoto aliangalia juu, akaangalia chini, akaachia kile kitenge. Usiku ule alikataa kula kwa Felisita, akaja kukaa mlangoni kwangu. Felisita ndiye aliyekuja kumchukua, akambeba mgongoni kama mtoto mchanga, na yule miguu inaburuta.

Kabla hajaondoka, Gondwe alinigeukia mimi. "Na wewe, mwalimu?" Nikamwambia aandike hakuna. Alisita kidogo, akaandika. Nimefundisha miaka mingi, nimesomesha watu, wewe ukiwa wa kwanza, na sijawahi kulisikia neno hilo likitoka mdomoni mwangu.

Basi hesabu ikawa ndogo, na wiki jana mabati arobaini yamefika. Kuta hakuna. Nimeomba nguzo za mikaratusi kwa padri, tumeyapigilia juu yake. Tuna paa, hatuna chumba. Hata hivyo kuna kivuli, na baadhi ya walioacha wameanza kurudi kuchungulia, nami siwaulizi walikuwa wapi. Gondwe ameandika kwamba kuta ni juu ya wanakijiji, lakini watu bado wanatazama pembeni. Sauti yangu imekwisha kabisa, sasa nafundisha kwa fimbo na ubao.

Mjomba wako,
Grevazio


Nsanje,
3 Julai 1995

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo, na poleni nyote. Mimi mzima, ninatoka jasho hata nikiwa nimekaa. Kwa mleta barua hii nimetuma sabuni: miche mitatu ya Felisita, mmoja wa Mama, na ile ndogo yenye harufu ni ya Neliya peke yake, asigawiwe mtu.

Nimeomba likizo ya Agosti yote, wakati wa matofali. Mwambie Nafere kwamba anayeona aibu anakuja kukanyaga udongo mwenyewe, hata nikiwa peke yangu, na wakitaka kunicheka waje wakae karibu wanione vizuri. Safari hii tutaanza na ukuta wa upande wa Msumbiji, mvua inakotokea. Wewe usishike tofali. Kaa ule, unyamaze, sauti irudi.

Kuhusu lile jibu ulilompa Gondwe. Ulidanganya ofisi ya serikali, Mjomba. Nimemwandikia arekebishe, aandike mmoja.

Mwanao,
Stefano