Maji ya Kisima Ndani ya Rejeta

Msambweni, Jumapili

Kaka Boga,

Shikamoo. Sisi hatujambo, alhamdulillahi, na mihogo imeshika vizuri.

Juzi lile gari kuukuu la baba, Pijo, lilichemka tukienda Ukunda. Fundi Mramba alipofungua rejeta, maji yalitoka mekundu kwa kutu.

"Nani anatia maji ya kisima humu?" aliuliza. "Yana chumvi, yanakula chuma."

Niliwagombeza wanangu bure. Jana nilimkuta baba mwenyewe akimimina kwa ndoo. Baba yetu, kaka, aliyetengeneza magari miaka arobaini na kutukataza maji hayo tangu utotoni! Nilipomkumbusha, aliniuliza kwa upole, "Wewe ni binti wa nani?"

"Wako, baba."

Akafurahi sana, akanishika mkono.

Mramba amesafisha njia zote za maji na kutia dawa ya kuzuia kutu. Ndoo sikumnyang'anya baba. Nimemtengea pipa la maji ya mvua, atie hayo akitaka.

Alhamisi nampeleka hospitali. Omba ruhusa kazini, uje. Jina lako bado analitaja.

Mdogo wako,
Mwatumu